Serikali Kuu Ikijitoa, Majimbo Yafanye Nini?



Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa majimbo katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Nimechagua mfano wa Marekani. Sikuuchagua kwa sababu nchi hiyo ni mwalimu wetu katika jambo hili, la hasha, bali kwa sababu hakuna nchi iliyomwaga hewa ukaa nyingi kuliko hiyo tangu enzi ya viwanda ianze. Tena ni huko ambako Serikali Kuu imekuwa ikiingia na kutoka katika Mkataba wa Paris. Rais Donald Trump alitangaza kujitoa tarehe 1 Juni, 2017, na jambo hilo likakamilika Novemba 2020. Rais Joe Biden akairudisha nchi Februari 2021. Trump aliporejea madarakani Januari 2025, alitia saini amri ya kujitoa tena siku ile ile ya kuapishwa. Mkulima wa Dodoma anayesubiri mvua hakuulizwa hata mara moja.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Sisi tukisema jimbo, wengi hufikiria jimbo la uchaguzi. Jimbo la Marekani lina Katiba yake, Bunge lake, mahakama zake, kodi zake, na Gavana anayechaguliwa na wananchi, ambaye Rais hana uwezo wa kumwachisha kazi. Mambo mengi yahusuyo umeme, majengo na matumizi ya ardhi huamuliwa humo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moshi wa nchi ile imo katika mamlaka ya majimbo, Rais apende asipende.

California ilianza mapema. Mwaka 2006 Gavana Arnold Schwarzenegger, mtu wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyoamuru kwamba ifikapo 2020 jimbo liwe limerudisha gesi zake kwenye kiwango cha 1990. Lengo hilo lilifikiwa 2016.

Lakini mfano unaostahili kuchunguzwa zaidi na watumishi kama ninyi ni ule wa kaskazini mashariki. Mwaka 2003 Gavana George Pataki wa New York, naye wa chama hicho hicho, aliwaalika magavana wenzake washirikiane kupunguza hewa ukaa ya mitambo ya umeme. Kulikuwa na sababu ya wazi ya kushirikiana. Nyaya za umeme hazisimami mpakani. Jimbo moja likiibana mitambo yake peke yake, umeme utanunuliwa kwa jirani, na moshi utaendelea kutoka kule ng'ambo. Watumishi wa idara za mazingira na za nishati wakakaa meza moja, wakaandika kanuni ya mfano ambayo kila jimbo liliipitisha kwa taratibu zake. Magavana walipigwa picha. Kazi ilifanywa na makarani na wahandisi.

Mwaka 2009 majimbo kumi yakaanza. Majimbo hukubaliana juu ya kiwango cha juu cha hewa ukaa kinachoruhusiwa kwa jumla kwa mitambo yenye megawati 25 na zaidi. Kiwango hicho hugawanywa katika vibali, kila kibali kwa tani moja, na karibu vyote huuzwa kwa mnada kila baada ya miezi mitatu. Mwenye mtambo mchafu hununua vingi. Kiwango hupunguzwa kadiri miaka inavyokwenda, na fedha za mnada hurudi majimboni, ambako nyingi hutumika kupunguza upotevu wa nishati majumbani na viwandani. Hewa ukaa ya umeme katika eneo hilo imepungua kwa takriban nusu tangu 2005. Si haki kuupa mnada sifa zote, maana gesi asilia ilishuka bei na kuyasukuma makaa ya mawe nje ya soko. Lakini si haki pia kuunyima.

Majimbo yamekwenda mahakamani vilevile. Mwaka 2007, katika kesi iliyofunguliwa na Massachusetts pamoja na majimbo mengine, Mahakama Kuu ya nchi iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba gesi hizi ni uchafuzi wa hewa kwa mujibu wa sheria. Massachusetts ilikubaliwa kuwa na haki ya kushtaki kwa kuwa bahari ilikuwa inaimeza pwani yake.

Siku ile ya Juni 2017, magavana wa California, New York na Washington walitangaza umoja wao wa kulinda malengo ya Paris. Baadaye umoja huo ulifikia magavana zaidi ya 20, wanaoongoza zaidi ya nusu ya watu wa nchi. Hata hivyo, hapana budi tuseme wazi kwamba hiyo ni ahadi tu. Katiba ya Marekani inayakataza majimbo kufunga mikataba na mataifa. California ilipounganisha mnada wake na ule wa Quebec ya Kanada, Serikali Kuu iliishtaki 2019, ikashindwa 2020.

Tena magavana hubadilika. New Jersey ilitoka katika mpango wa mnada mwishoni mwa 2011, ikarudi 2020 chini ya Gavana mwingine. Virginia iliingia 2021 kwa sheria ya Bunge lake, ikatolewa mwishoni mwa 2023 kwa kanuni tu. Novemba 2024 jaji akaamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali. Huko Washington, wananchi wenyewe waliulizwa mwezi huo huo kama sheria yao ya 2021 ifutwe. Takriban asilimia 62 walikataa, ingawa walikwisha kuambiwa sana kwamba inapandisha bei ya petroli.

Juni 2025 Rais Trump alitia saini maazimio ya Bunge la nchi yaliyoifutia California ruhusa ya kuweka baadhi ya viwango vyake vya moshi wa magari. Siku hiyo hiyo California na majimbo mengine kumi yalifungua kesi.