Hesabu ya Mtaro
Ndugu wakazi wa Umoja, Kayole na Dandora, mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu Nairobi. Mtaro hujengwa kwa hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Milimita 50 kwenye hekta 1 ni lita 500,000. Penye nyasi, udongo hunywa sehemu. Penye mabati na lami, karibu yote hukimbilia mtaroni. Mhandisi hutia hayo kwenye kompyuta, pamoja na mteremko na kasi ya mvua, akapata upana unaofaa. Lakini kompyuta huhesabu mtaro mtupu. Ukijaa taka nusu, hupitisha chini ya nusu ya maji yake. Yanayobaki huingia nyumbani. Zibueni mitaro kabla ya mvua za Machi.