Kwa Nini Amani ya Sinai Imesimama na ya Oslo Imeanguka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunaichapa kwa ombi la wale waliokosa kuhudhuria.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Nimetakiwa niseme machache juu ya usalama na amani baina ya Waisraeli na Wapalestina. Sikuja kuziwasha nyoyo zenu, kwani zinawaka tayari. Nimekuja na suali moja: kwa nini mkataba mmoja wa Israeli umesimama zaidi ya miaka 40, na mwengine ukavunjika kabla ya kutimiza ulichoahidi?

Mkataba wa kwanza ni ule wa Misri. Katika vita vya Juni 1967 Israeli iliteka Sinai, Ghaza, Ukingo wa Magharibi, mashariki ya Baytul Muqaddas na milima ya Golani. Wengi wa wakubwa wake waliamini kwamba Sinai ni ngao yao. Ngao hiyo haikuzuia vita vya Oktoba 1973. Ndipo tarehe 26 Machi 1979 Anwar Sadat na Menachem Begin walipotia saini mjini Washington.

Mkataba ule ulitaja mwisho wake tangu mwanzo. Sinai yote itarudi kwa Misri. Majeshi ya Israeli yatatoka kwa muda wa miaka mitatu. Silaha na askari watawekewa mipaka. Na walinzi kutoka nje watasimamia. Siku ilipofika, Aprili 1982, jeshi la Israeli lenyewe liliwatoa kwa nguvu walowezi wa mji wa Yamit, na nyumba zao zikabomolewa. Kipande kidogo cha Taba kikagombaniwa. Kikapelekwa mbele ya waamuzi, na mwaka 1989 kikarudi kwa Misri. Sadat aliuawa Oktoba 1981, lakini mkataba haukufa pamoja naye. Mapenzi hayapo baina ya nchi mbili zile, lakini vita baina yao havikurudi.

Sasa tuutazame ule wa Oslo. Tarehe 13 Septemba 1993 Yitzhak Rabin na Yasser Arafat walipeana mikono. Chama cha Ukombozi wa Palestina kilikuwa kimekwisha kuitambua dola ya Israeli. Israeli ilikitambua chama hicho kuwa ndicho msemaji wa Wapalestina, lakini dola ya Palestina haikutajwa. Mambo makubwa, yaani Baytul Muqaddas, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yote yaliahirishwa. Muda wa mpito uliwekwa kuwa miaka mitano, nao ukamalizika Mei 1999 bila ya kupatikana lolote katika hayo.

Katika kungojea huko, ardhi ilikuwa ikiliwa. Mkataba wa 1995 uliugawa Ukingo wa Magharibi mafungu matatu, na fungu moja, kiasi cha asilimia 60 ya nchi, likabaki chini ya amri ya Israeli peke yake. Walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha wale wa Baytul Muqaddas, walikuwa kiasi cha 110,000 mwaka 1993. Leo wamepita 500,000.

Na wasioitaka amani, wa pande zote mbili, walipata wasaa. Februari 1994 mlowezi mmoja aliwaua waumini 29 wakisali katika Msikiti wa Ibrahim mjini Al-Khalil. Hamas nao wakalipua mabasi yaliyojaa raia. Novemba 1995 Rabin aliuawa, na muuaji alikuwa Myahudi, raia wa Israeli. Waisraeli wakasema: tupeni usalama kwanza, kisha tutazungumza ardhi. Wapalestina wakajibu: mtakapokuwa tayari kuzungumza, ardhi haitakuwapo.

Huenda mtu akauliza: na Ghaza je? Mwaka 2005 Israeli iliwatoa walowezi na majeshi yake, nayo ikarushiwa makombora. Hoja hii si ya kupuuzwa. Khofu ya watu wa Sderot ilikuwa ya kweli. Lakini kutoka kule hakukuwa kwa mkataba. Anga na bahari zilibaki mikononi mwa Israeli, na hapana upande uliojifunga kwa ahadi. Mwaka 2007 Hamas waliishika Ghaza kwa silaha, na watu wake wote wakafungiwa ndani.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliuvunja uzio ule wenye mitambo ya kila namna, wakaua watu kiasi cha 1,200, wengi wao raia, na wakachukua mateka kiasi cha 250. Katika vita vilivyofuata Wapalestina zaidi ya 60,000 wameuawa, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Ghaza, na maelfu kwa maelfu ni watoto. Bwana Mwenyekiti, kumuua asiye na silaha ni dhulma, awe nani muuaji na awe nani muuliwa. Chama kinachodai haki hakiwezi kuwa na mizani mbili.

Oktoba 2025 yalifikiwa makubaliano ya kusimamisha mapigano. Kila roho iliyosalimika ni neema. Lakini kusimamisha mapigano si amani, na dawa haikupotea. Machi 2002, mjini Beirut, dola za Kiarabu zilitoa shauri: Israeli irudi nyuma ya mipaka ya 1967, Palestina iwe dola, wakimbizi wapatiwe ufumbuzi wa haki kwa makubaliano, na Waarabu wote wafunge amani na Israeli. Shauri hilo lataja mwisho. Linalokosekana ni yale yaliyokuwapo Sinai: siku iliyowekwa, msimamizi asiyependelea, na mwamuzi wa kuamua pakitokea mzozo.

Sisi kisiwani humu tunajua thamani ya mkataba usiokuwa na msimamizi. Kwa hivyo tusiwaulize wakubwa wa dunia kama wanaipenda amani, kwani kila mmoja atasema anaipenda. Tuwaulize: mwisho wake ni upi, utafika siku gani, na nani atamshika mkono atakayeuvunja?

Wabillahi tawfiq.