Kocha Hapigi Goli



Juma lililopita nilikuwa Sigino, kata mojawapo ya mji wa Babati. Jioni, kazi za shamba zilipokwisha, nikakuta vijana wanabishana kuhusu makocha. Mmoja alishikilia kwamba kocha mzalendo hawezi kuifikisha Taifa Stars popote. Mzee aliyekuwa kimya muda wote akamwuliza, "Mjukuu wangu, marehemu Bendera alikuwa nani?"

Kijana akajibu, "Si alikuwa Mkuu wetu wa Mkoa, babu?"

"Na kabla ya hapo?"

Kijana hakuwa na jibu.

Ndugu msikilizaji, Joel Bendera, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara hadi mwaka 2017 na kufariki dunia Desemba mwaka huo huo, ndiye kocha aliyeiongoza Taifa Stars kupata tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Mwaka 1979 vijana wake walikwenda Ndola, wakatoka sare ya 1–1 na Zambia, na safari ya Lagos ikaiva. Bao lile lilifungwa na Peter Tino, na Peter Tino tunamkumbuka. Kocha hapigi goli, basi tunamsahau.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1990 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Tulitega masikio redioni. Cameroon iliifunga Argentina, bingwa wa dunia, 1–0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Kila mtoto alimjua Roger Milla. Je, wangapi walimjua kocha? Alikuwa Mrusi, Valery Nepomnyashchy, mtu asiye na jina kubwa hata kwao, aliyesema na wachezaji kupitia mkalimani. Katika kundi lake alichapwa 4–0 na Urusi ya wakati ule, nchi yake mwenyewe, na bado akaongoza kundi. Baadaye alifundisha Uturuki, Korea Kusini, China na Japan.

Sasa, yule Mrusi hakufaulu kwa sababu ni mgeni, wala Bendera hakufaulu kwa sababu ni mzalendo. Wote wawili walikabidhiwa timu, wakafanya kazi. Nasi baada ya Lagos tulikaa miaka 39 bila kurudi kwenye fainali hizo, hadi 2019 tulipofika Misri chini ya Mnigeria Emmanuel Amunike. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo, mtu aliyeijua njia alikuwa hapa hapa nchini.

Simlaumu mtu. Miaka ile Bendera alipokuwa Manyara nilipita Babati si mara moja. Sikuwahi kubisha hodi nikamwuliza: mzee, kule Ndola uliwaambia nini vijana wakati wa mapumziko? Leo swali hilo halina wa kulijibu.

Huko uliko, msikilizaji, huenda yupo mzee aliyewahi kufundisha timu ya wilaya, ya shule au ya kiwanda. Anakaa barazani, watoto wanacheza chandimu mbele yake, hakuna anayemwuliza neno. Mwendee juma hili, tena uchukue na daftari.

Nawatakieni juma jema.