Matunda na maumivu ya misuli baada ya mazoezi

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu.

Leo nataka tuzungumze juu ya miguu. Ndiyo, miguu! Kila Ramadhani vijana hupenda kucheza mpira baada ya Alasiri, jua la Zombe likianza kupoa. Siku ya pili mapaja yamekaza, na kwenye tarawehe kurukuu kunakuwa kazi. Kijana akitoka msikitini, mbio hadi kwa kemisti kununua vidonge.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuchubua tumbo, na mwili ukiwa umekauka maji, figo nazo huweza kuumia. Aliyefunga kutwa katika joto hili la Kitui kisha akakimbia saa nzima, huyo hasa ndiye asiyefaa kuvizoea.

Eti ni asidi iliyobaki misulini. Sivyo jamani. Asidi ile huondoka baada ya saa moja au mbili tu. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizopata michubuko midogo midogo, na mwili unapozitengeneza panavimba. Maumivu huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe.

Sasa njooni kwenye futari. Tende na maji tumezifuata kwa Sunna, na sukari yake hurudisha nguvu upesi. Ndizi je? Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwapima waendesha baiskeli waliokwenda kilomita 75. Waliokula ndizi walionyesha dalili chache za uvimbe mwilini kuliko waliokunywa maji matupu. Tikiti maji, ambalo zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, nalo lilijaribiwa Uhispania, matokeo yakachapishwa 2013: wanamichezo waliokunywa juisi yake waliumwa kidogo zaidi kesho yake. Walikuwa wachache, kwa hiyo tusilifanye tikiti kuwa dawa. Ni msaada.

Na sisi Wakamba tuna ubuyu! Unga wake una vitamini C kwa wingi. Uroweke katika maji, uchuje, unywe. Sisemi yale mabuyu ya rangi nyekundu yanayopaka watoto midomo. Hayo ni peremende. Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, mara nyingi maembe ya Makueni bado yapo sokoni. Bei yake na bei ya soda, linganisheni wenyewe.

Lakini matunda peke yake hayajengi misuli. Akina mama, sufuria ya ndengu isikosekane, maana nyama ya mwili hutengenezwa kwa protini. Na mwenye ugonjwa wa sukari ale matunda kwa kipimo alichopewa na daktari wake.

Kijana akiumwa mno baada ya mazoezi, misuli imevimba, mkojo ukatoka mweusi kama chai ya strungi, hilo si la ndizi wala ubuyu. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.