Mwethya wa Maktaba

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos



Leo tumeombwa tuseme juu ya vitabu, kwa sababu vikundi vitatu hapa vinataka kuanzisha chumba cha kusomea. Pesa ni kidogo. Sasa, tuanzie wapi?

Kwanza tuungame kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa ofisi ya maendeleo tuliahidiwa vitabu vya bure kutoka ng'ambo. Tukafurahi sana. Kikundi kimoja kilikuwa na akiba ya kununua vitabu vya shule, nasi tukawaambia, "Tumieni hiyo kulipa lori." Maboksi yalipofunguliwa, tukakuta vitabu vya kodi za nchi nyingine, na vya mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Theluji, hapa Machakos! Watoto walifanya mtihani bila vitabu. Akina mama walitutazama tu, hawakusema neno. Kitu cha bure kilitugharimu akiba yote.

Hatusemi msaada ni mbaya. Shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanzishwa 1954, hutuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji, na vimewafaa wengi. Lakini ombeni orodha kwanza. Anayekataa kuonyesha orodha, mshukuruni, mwende zenu.

Pia msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Hata vyuo vikuu vinaumia. Jarida moja la sayansi kutoka ng'ambo laweza kugharimu bei ya ng'ombe wa maziwa, na ni kulipa kila mwaka. Tena hulipwa kwa dola. Shilingi ikishuka, bei inapanda hata kama muuzaji hajaongeza senti.

Walifanyaje? Walifanya mwethya! Mwaka 2003 maktaba za vyuo na za utafiti nchini ziliungana katika chama kiitwacho KLISC. Badala ya kila maktaba kwenda peke yake kwa muuzaji, chama kinazungumza kwa niaba ya wote, kila mwanachama anatoa mchango wake, na wanafunzi wanasoma majarida kwenye kompyuta. Mwanzoni wafadhili walisaidia kulipa. Baadaye maktaba zenyewe zikabeba mzigo. Muuzaji naye alikubali, kwa sababu ni heri wanunuzi wengi kwa bei nafuu kuliko kukosa wote.

Lakini hapo pia kuna mtego. Wauzaji hupenda kuuza majarida mengi kwa kifurushi kimoja. Ni kama kuuziwa gunia la mbegu zilizochanganywa: mahindi unayotaka yamo, na mengine hutayapanda kamwe. Kwa hiyo mkutubi mwenye busara huhesabu ni yapi yanasomwa kweli, halafu ndiyo anakata mengine.

Basi sisi tufanye hivi.

Moja: waulizeni watakaosoma, pamoja na walimu. Mtaala mpya ulianza kuenea shuleni mwaka 2019, kwa hiyo kitabu cha zamani cha bei rahisi chaweza kuwa hasara.

Mbili: vikundi vitatu mnunue pamoja. Anayetaka nakala 30 husikilizwa dukani kuliko anayetaka 10. Ombeni bei ya maandishi kutoka maduka mawili au matatu. Kumbukeni kwamba tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa VAT ya 16%: kitabu cha shilingi 500 kinafika 580. Ulizeni kama bei mliyopewa imejumlisha kodi hiyo.

Tatu: msinunue vitabu vile vile vyote. Kikundi kimoja kiwe na vya kilimo, kingine vya afya, halafu mbadilishane kila muhula. Vya shule viwe kwa kila kikundi.

Nne: wekeni kando pesa kidogo za jalada, gundi na daftari la kuazima. Kitabu kilichotunzwa ni kitabu ambacho hamtanunua tena.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kilete majina ya vitabu kumi tu. Mweka hazina asitoe hata shilingi kabla orodha hizo hazijasomwa mbele ya wanachama wote. Na sisi wa ofisi tukisema tena habari ya lori, mtukatalie.