Daftari Lilikuwa na Droo Yake



Tumeombwa kusema machache juu ya ofisi ya hekalu. Sisi ni watu wa duka. Elimu yetu iliishia sekondari, na kompyuta tulifundishwa na watoto wetu. Mtuwie radhi basi tukizungumzia jambo linaloonekana dogo: mahali faili linapokwenda mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Wazee wetu walikuwa na madaftari ya jalada jekundu, yale tunayoyaombea baraka wakati wa Diwali. Daftari la hekalu lilikaa katika droo ya mweka hazina. Aliyetaka kuandika alifungua droo. Aliyetaka kusoma alifungua droo hiyo hiyo. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliponunua kompyuta tulidhani tumepata daftari lisiloweza kupotea.

Mwaka mmoja mama mjane alifika hekaluni siku ya kumbukumbu ya mumewe. Ni desturi yetu siku hiyo jina la marehemu lisomwe katika maombi, na familia ilishe wote wanaofika. Jina halikusomwa. Mama hakugomba. Aliuliza tu, "Mmekwisha kumsahau?" Tulikosa jibu, maana sisi wenyewe tuliupokea mchango wake, na tulimwona kijana akiliandika jina lile.

Tulilitafuta siku mbili. Halikuwa limefutwa. Kompyuta ya ofisi ilitumiwa na vijana watatu, kila mmoja akiingia kwa jina lake na neno lake la siri. Windows humpa kila mtumiaji folda yake ya nyaraka, na programu ya kuandikia, isipoelekezwa vingine, huhifadhi humo. Mwenzake akiingia kwa jina jingine haioni orodha. Hudhani haipo, akaanza mpya. Tulikuwa na orodha tatu ndani ya mashine moja, juu ya meza moja, na jina la marehemu lilikuwa katika moja tu.

Vijana hawana lawama. Anayejitolea huja jioni baada ya kazi, hubonyeza palipo karibu, kisha huwahi nyumbani. Mahali pa kuhifadhi palikwisha kuchaguliwa kabla hajaketi, na aliyechagua ni mtu wa mbali asiyelijua hekalu letu. Kazi ya kuchagua upya ilikuwa yetu sisi wa kamati, na hatukuifanya.

Tulipoifanya, ubishi haukukosekana. Wengine walitaka flashi. Tukakataa, kwa kuwa flashi huenda nyumbani katika mfuko wa shati, na shati huenda kwa dobi. Wengine walitaka hifadhi ya mtandaoni. Tuliikubali kwa nakala, si kwa makao ya kwanza, kwani mtandao wetu una tabia ya kukatika siku za sherehe. Mwishowe tuliunda folda moja ndani ya kompyuta, tukaiita Hekalu, na watumiaji wote wakapewa ruhusa ya kuifungua. Katika Microsoft Word mahali hapo hupangwa kwenye chaguo za programu, sehemu ya kuhifadhi. Katika LibreOffice, kwenye chaguo pia, sehemu ya njia za folda. Tulipanga mara moja, tukashangilia, na wiki iliyofuata faili zikatawanyika tena. Binti wa miaka 15 ndiye aliyetuonyesha kwamba mpangilio huo ni wa kila mtumiaji, na kwa hiyo lazima ufanywe kwa kila jina linaloingia.

Orodha ya michango haimo katika folda hiyo. Kiasi alichotoa mtu ni siri yake, Mungu wake na mweka hazina. Picha za Navratri bado zimo katika simu za watu, na hapo tumeshindwa.

Kabla ya kuichapisha orodha iliyounganishwa, tulimpelekea mama yule nyumbani kwake. Alivaa miwani, akautafuta mstari wa mumewe, akasahihisha herufi moja, kisha akatuuliza mwaka huu apikie watu wangapi.