Maua ya Kudumu katika Nchi Kavu: Hotuba kwa Wenye Nyumba wa Kitengela



Mtu aliyejenga nyumba yake Kitengela, katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, hutamani kuona maua mlangoni. Aghalabu hushawishika kununua tunguu za tulipu kwa sababu ameziona katika picha za Ulaya. Yafaa ijulikane ya kwamba asili ya ua hilo ni milima ya Asia ya Kati, na kabla ya kuchanua tunguu yake haina budi kulala katika baridi kali kwa majuma 12 au zaidi. Baridi ya mwezi wa Julai huku Kajiado haitoshi. Mwenye friji aweza kuihadaa kwa kuiweka humo, lakini mwaka ufuatao atalazimika kuianza kazi upya. Afadhali friji iwekwe maziwa.

Nchi hii inayo maua yake yenyewe yaotayo kwa tunguu. Lililo zuri kupita mengine ni lile ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Mvua za kwanza zinyeshapo, huchomoza bua moja lenye kichwa chekundu cha mviringo, chenye maua madogo hata 200, na mara nyingi majani hufuata baadaye. Kiangazi kikija majani hukauka yote. Hapo ndipo wengi hukosea, hudhani mmea umekufa, wakaung'oa na kuutupa. Haukufa, umelala. Uachwe bila kunyweshwa maji mpaka mvua irudi.

Adui mkubwa wa tunguu huko Kitengela si jua bali ni udongo. Udongo mweusi wa nyanda hizo huvimba ukilowa na kushika maji siku nyingi, nayo tunguu huoza. Ukikauka hupasuka nyufa pana zinazokata mizizi. Basi tuta liinuliwe futi 1 juu ya ardhi, na udongo uchanganywe na mchanga wa chembe kubwa na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi haifai kabisa. Shingo ya tunguu iwe sawasawa na uso wa udongo, kisha tuta lifunikwe kwa nyasi kavu.

Kwa mimea ya kudumu isiyo na tunguu, hakuna uishindao mshubiri, ambao Wamasai huuita osuguroi. Huhifadhi maji katika majani yake manene, na maua yake huwaita ndege chozi. Wakati wa ukame uliomalizika mwaka 2023, ambapo mifugo mingi ya Kajiado ilikufa, mimea ya namna hii ilionyesha thamani yake. Maji ya kununua kwa mitungi ni ya watu kwanza, na bustani iyatakayo kila jioni ni mzigo kwa mama wa nyumba. Maji ya visima virefu nayo, katika sehemu nyingi, yana chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya katika tuta.

Mshubiri usichimbwe porini. Tangu mwaka 1986, kwa amri ya Rais, mishubiri ya mwitu nchini Kenya imekuwa ikilindwa, kwa kuwa wafanya biashara ya utomvu walikuwa wakiimaliza. Inunuliwe kwa wauza miche, au jirani aombwe chipukizi.

Jambo la mwisho ni zito. Mengi ya maua haya yana sumu. Gloriosa, ua la kutambaa lenye rangi nyekundu na manjano, lina mzizi mnene unaofanana na kiazi kikuu, na watu wamekufa kwa kuula. Utomvu wa adenium, ua la waridi lenye shina nono, ulikuwa ukipakwa mishale ya kuwindia. Tunguu ya Scadoxus nayo si chakula. Mimea hii ipandwe mbali na mboga na mahali wachezapo watoto, na mbuzi wafungiwe. Mtoto akionekana ametafuna, asingojewe atapike. Apelekwe hospitali upesi, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye ili daktari akitambue.